Mchele Haujui Kuwa Unapimwa

Muuza mchele anapojaza kibaba, mchele haujui kuwa unapimwa. Haujitutumui ili uonekane mwingi, wala haulani njama na mchele wa gunia la pili. Ndiyo maana tunakiamini kibaba. Msomi, lakini, si mchele.

Mwaka 1964 Eugene Garfield, Mmarekani, alitoa faharasa ya nukuu za kisayansi ili mtafiti aweze kufuata nyayo za wazo kutoka makala moja hadi nyingine. Baadaye chombo hicho cha kutafutia kikageuzwa mizani ya kupimia watu. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akapendekeza kipimo cha h: mwenye h ya 10 ana makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10. Siku hizi nambari kama hizo humtangulia mhadhiri mahali anapoomba kazi au kupandishwa cheo.

Kunukuliwa ni nini, hasa? Ni kutajwa, basi. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyohusisha chanjo na usonji, ilifutwa na jarida la The Lancet mwaka 2010. Wengi wameitaja ili kuikanusha, na hesabu haitofautishi sifa na lawama. Kazi ya Gregor Mendel kuhusu urithi katika njegere, iliyochapishwa mwaka 1866, ilitajwa mara chache mno hadi ilipoibuliwa upya mwaka 1900. Je, ukweli wake ulizaliwa siku hiyo?

Tena kuna lililo zito zaidi. Mchumi Charles Goodhart aliona mwaka 1975 kwamba takwimu inayotegemewa huanza kuyumba pindi inapofanywa chombo cha kudhibitia. Anayejua kuwa nukuu ndizo cheo ataukata utafiti mmoja vipande vitatu, atajinukuu, atabadilishana nukuu na wenzake. Kibaba kinajaa, chakula hakijaongezeka.

Hata hivyo, anayetaka kukivunja kibaba atuambie atapimia nini. Pasipo hesabu, cheo hugawiwa kwa kujuana, na nambari humkinga asiye na mjomba ofisini. Basi na iitwe kutoa ushahidi. Hukumu aachiwe aliyeisoma kazi yenyewe.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliona maziwa yake ya moto yakiganda kabla ya yale yaliyopoa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye akamuuliza jambo hilo Denis Osborne, mwanafizikia kutoka Dar es Salaam, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Makala ya wawili hao ilitoka mwaka 1969, na wanasayansi wanaibishania hadi leo. Kwa kipimo cha h, makala moja, hata ikinukuliwa mara milioni, humpa mwandishi wake 1 tu.

Osborne hakuuliza kijana huyo ametajwa na nani. Aliagiza jambo lijaribiwe. Fundi wa maabara akaleta jibu kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaahidi kuendelea kurudia jaribio hadi apate jibu sahihi. Tunamcheka fundi huyo. Lakini kila tunaposoma nambari ya msomi kabla ya kusoma kazi yake, nasi tumeshajua jibu sahihi kabla ya maji kuingia kwenye friji.