Msiishie Kwenye "Salama"

Wajukuu zangu, Mswahili akiulizwa habari za nyumbani hujibu "salama" hata kama kuna maiti ndani. Si uongo, ni adabu. Kwanza huja salama, kisha huja "isipokuwa": isipokuwa mtoto ana homa, isipokuwa mzee ametutoka. Na hiyo isipokuwa haisemwi mtu akiwa mbioni. Hungoja watu waketi, kahawa imiminwe, ndipo itoke.

Mwaka 2020 korona ilitunyang'anya mahali pa kuisemea. Machi 27 iliingia kafyu, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 8 Mombasa ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Mei 6, katika kumi la pili la Ramadhani, Mji wa Kale nao ukafungiwa peke yake. Misikiti ilikuwa imefungwa, baraza tupu, muuza kahawa yuko kwao. Tukawa tunasalimiana madirishani: "Hujambo?" "Sijambo." Dirisha likafungwa, na isipokuwa ikabaki ndani.

Jirani yangu alikuwa mpishi wa hoteli. Watalii walipokatika alirudishwa nyumbani bila mshahara. Mwezi wa pili wa kufungwa, mamake akafariki Lamu. Mazishi aliyasikia kwa simu. Hakukaa matanga, wala hakuna aliyemshika mkono. Nilipompigia kumpa pole alinyamaza kitambo, akavuta pumzi kama anayetaka kusema jambo. Mimi nikamuwahi: "Jikaze, mwanamume wewe." Akanijibu, "Niko salama, mzee wangu." Nikakata simu nikijiona nimemliwaza.

Njia zilifunguliwa Julai 7, na kafyu ikaondolewa Oktoba 2021. Yeye alibaki amefungwa. Usiku halali, mchana anamfokea mkewe kwa sababu ya chumvi, na muguka haumtoki shavuni. Barazani wengine tukasema ana kiburi, wengine tukasema ana jini. Aliyekuja kuisikia isipokuwa yake ni daktari, miaka miwili baadaye, mkewe alipompeleka hospitali. Ilikuwa sonona. Alipewa dawa na mtu wa kumsikiliza, na leo ndiye anayetupikia pilau za harusi. Hajapata kunilaumu. Ninajilaumu mwenyewe.

Wala hakuwa peke yake. Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa katika mwaka wa kwanza wa janga hilo, wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Ndani ya hesabu hiyo wamo baba zenu, mama zenu na wajomba zenu, wale mliowaona wakienda sokoni na kurudi mkadhani wamevuka salama.

Basi nawaonya: msirithi ulimi wangu. "Jikaze" si dawa. Mtu mzima akipoteza usingizi, chakula kikamshinda, hasira zikawa karibu, au akaanza kuwakimbia aliokuwa akiwapenda, msimtafutie jina la aibu. Muulizeni, kisha mumuulize tena. Akisema amechoka kuishi, msimtishe kwa moto wa Jahanamu wala msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Miaka mingi sheria yetu ya Kenya, kifungu cha 226, ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Ikiwa mahakama imemwona huyo kuwa ni mtu wa kutibiwa, itakuwaje sisi wa baraza moja tumwone mkosaji?

Maradhi mengine yatakuja, nami huenda nisiwepo. Mtaambiwa tena mkae mbalimbali. Kaeni, maana kinga ni kinga, na amri ile sikuilaumu wakati ule wala siilaumu leo. Kosa letu halikuwa kufunga milango. Lilikuwa kufunga na masikio. Siku hiyo mkimpigia mtu simu, msimuulize mkamjibia. Mkisikia "salama", msikate. Ngojeni hiyo isipokuwa.