Frateri, kumpenda staa ni ibada ya sanamu?



Swali hilo niliulizwa na binti mmoja wa VIWAWA katika parokia ninayofanyia mwaka wangu wa kichungaji, huku chini ya Mlima Meru. Wenzake walicheka, ila yeye alikuwa anauliza kweli. Nilimjibu kwa kifupi kwamba si lazima iwe hivyo. Leo nataka kujibu kwa kirefu, maana swali linanihusu na mimi.

Mimi ni shabiki. Kijana aliyekulia Arusha asiwe na jambo moyoni kuhusu Joh Makini na kundi la Weusi? Ni vigumu! Joh, Nikki wa Pili na G Nako walipoifanya nchi nzima isikilize hip hop ya machalii wa Chuga, sisi tulitembea mtaani vifua mbele kana kwamba mashairi yale tumeandika wote. Mwaka 2021 Nikki wa Pili alipoteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe, nilifurahi kama vile ameteuliwa binamu yangu. Na yeye hanijui hata kwa sura.

Sasa huu ni upendo wa aina gani?

Aristotle, katika maandishi yake ya maadili, anatenganisha urafiki na nia njema. Urafiki unahitaji pande mbili: mimi nakutakia mema, wewe unanitakia mema, na wote tunajua hivyo. Nia njema inaweza kuwa ya upande mmoja, hata kwa mtu usiyefahamiana naye. Mfano anaoutoa ni wa watazamaji wa mashindano! Wanampenda mshindani, wanataka ashinde, lakini hawako tayari kufanya lolote kwa ajili yake. Nenda uwanja wa Sheikh Amri Abeid siku ya mechi utaelewa mara moja. Aristotle anaona kwamba nia njema ya namna hii ni kama urafiki usiofanya kazi, ila pia inaweza kuwa mwanzo wa urafiki. Kwa hiyo ushabiki si dhambi. Ni mbegu, na mbegu inaweza kukaa tu kwenye gunia.

Mtakatifu Augustino anatubana zaidi. Akiwa na miaka 26 au 27, akifundisha Karthago, aliandika kitabu kuhusu uzuri na kukitolea kwa Hierius, msemaji maarufu wa Roma. Hakuwahi kumwona. Alimpenda kwa sifa alizozisikia, yaani alikuwa shabiki kabisa! Miaka mingi baadaye, katika kitabu cha nne cha Maungamo, anajichunguza. Anakiri kwamba kama watu walewale wangemponda Hierius badala ya kumsifu, moyo wake usingewaka. Hierius angekuwa yuleyule, ila midomo ya watu ingekuwa imebadilika. Leo tungesema: nilimpenda kwa sababu alikuwa anatrendi.

Halafu anasema jambo zito zaidi. Sisi huwapenda na kuwasifu waigizaji wa jukwaani, lakini yeye mwenyewe asingetaka kupendwa hivyo. Afadhali asijulikane, au hata achukiwe. Anashangaa: inakuwaje napenda kwa mwenzangu kitu ambacho mimi ningekikataa, na wote ni binadamu?

Hebu jiulize na wewe. Ungependa kupendwa jinsi unavyompenda staa wako? Uachwe na mchumba, halafu watu elfu hamsini wanunue bando kuangalia macho yako yalivyovimba? Mtoto wako azaliwe, watu wajadili kwenye komenti amefanana na nani? Ile kanuni ya Bwana wetu katika Mathayo 7:12, ya kuwatendea wengine tunayotaka tutendewe, haikuwaacha nje watu maarufu.

Mtaniambia, "Lakini Frateri, wenyewe ndio wanaanika maisha yao, wanatafuta kiki." Wapo, ni kweli. Lakini mtu akiuza blanketi lake la mwisho pale soko la Kilombero, anayelinunua kwa bei ya kutupa naye ana la kujibu.

Mnamkumbuka Steven Kanumba? Alifariki usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi Kuu, kesho yake Pasaka. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nikaona watu wazima wanalia mbele ya televisheni kama wamefiwa na ndugu. Siku ya mazishi, umati pale Leaders Club ulikuwa mkubwa mno, wengine walizimia. Machozi yale yalikuwa ya kweli, siyadharau. Ila sambamba na machozi ilikuja njaa nyingine: ya kujua kila kitu kuhusu usiku ule. Marehemu hawezi tena kutuburudisha. Anachohitaji kwetu sasa ni sala. Katika maelfu yale, ni wangapi bado wanamtaja mbele za Mungu? Hapo ndipo nia njema inapimwa.

Mtakatifu Thomaso wa Akwino anafundisha kwamba kupenda ni kumtakia mtu mema. Basi kipimo ni hiki: je, namtakia mema hata pale mema yake hayanipi burudani? Diamond na Ali Kiba wakipatana moja kwa moja, Timu Mondi na Timu Kiba watashangilia au wataboreka? Msanii wako akiacha muziki alee watoto wake kimya kimya, utafurahi? Hata Yesu, katika Yohane 6:15, umati uliposhiba mikate ukataka kumfanya mfalme, alijitenga akaenda mlimani peke yake. Staa naye ana haki ya kuwa na mlima wake.

Kwa hiyo, dada yangu uliyeuliza, jibu langu ni hili. Sanamu haina roho, haiumwi, haifi, wala hakuna anayeiombea. Tukimgeuza mtu kuwa hivyo, tunamkosea Mungu na tunamkosea yule mtu pia. Msikilize msanii wako, cheza, jivunie. Ila mkumbuke kuwa ni mtu.

Tafakari ya wiki: kabla hujafungua habari ya aibu ya mtu maarufu, sali kwanza Salamu Maria moja kwa ajili yake. Ukimaliza, angalia kama bado unataka kuifungua.

Tuombe: Ee Bwana, uliyemwona kila mmoja katikati ya umati, utufundishe kuwatakia mema wale tunaowashangilia. Amina.

Dominika njema!