Nyumba Iko Makete, Ufunguo Uko Kariakoo

Ndugu zangu, fungueni sura ya mwisho ya Matendo ya Mitume. Merikebu imevunjika. Watu 276 wametoka baharini, wengine kwa kuogelea, wengine kwa kung'ang'ania mbao, wakatupwa kwenye kisiwa wasichokijua. Mvua inanyesha, baridi imewashika. Wenyeji wa Melita hawakuwauliza kabila wala mshahara. Waliwasha moto. Naye Paulo, mtume na mfungwa, aliyelowa kama wenzake, hakukaa pembeni akingoja kuhudumiwa. Aliinama akaokota kuni. Wakakaa pale miezi mitatu mpaka majira ya baridi yakapita. Na sura hiyohiyo iliyoanza na moto inaishia kwenye nyumba ya kupanga: miaka miwili Paulo yuko Rumi, ndani ya nyumba aliyoilipia kodi mwenyewe, akimkaribisha kila aliyemjia.

Moto, kuni, kodi ya nyumba. Kila Juni inapoingia naisoma sura hii, na kila ninapoisoma naiona Makete.

Asiyeijua Makete na aelewe kwanza ninachosema. Ukitoka Njombe mjini, nako tayari umeshavaa koti, unakwenda zaidi ya kilomita 100 za milima. Uwanda wake wa Kitulo uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Wageni wanakwenda huko kutazama maua, wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, na tangu 2005 ni hifadhi ya taifa. Lakini kati ya Juni na Agosti, usiku, baridi hushuka hadi maji yakaganda, na alfajiri sakitu imetanda juu ya majani ya viazi kama chumvi iliyomwagwa. Huko ndiko tunakompeleka binti wa Tanga aliyemaliza uuguzi. Huko ndiko anakoripoti mwalimu kijana wa Kilwa, kandambili miguuni, godoro la inchi nne begani, barua ya ajira mfukoni.

Huyo wa Kilwa nilimwona kwa macho yangu. Alikuja mwezi wa saba. Nyumba ya walimu ilikuwa moja na imejaa. Alizunguka kijiji siku tatu, na kila mlango alioambiwa kuna chumba, aliambiwa pia alipe miezi sita. Mwenye nyumba mmoja alitaka mwaka mzima. Tuseme chumba ni shilingi 20,000 kwa mwezi. Mwaka ni 240,000. Mtu hajapokea mshahara wa kwanza, posho ya kujikimu haijatoka, nauli ya kutoka pwani imemaliza alichopewa na mama yake. Ataitoa wapi? Akalala stoo ya shule, kati ya majembe na magunia ya mahindi.

Kisha akapata chumba cha kwanza, na mimi nikaenda kumwamkia asubuhi. Chumba kilikuwa na bati bila dari. Kati ya ukuta na bati palikuwa na mwanya wa kupitisha ngumi, naye alikuwa ameuziba kwa viroba vya mbolea na magazeti. Blanketi lake lilikuwa limelowa juu. Nikamuuliza, mvua imenyesha usiku? Akasema hapana, mchungaji, hata wingu halikuwapo. Nikatazama juu nikaona. Ilikuwa pumzi yake mwenyewe. Ilipanda usiku kucha, ikakutana na bati la baridi, ikageuka maji, ikamrudia usoni tone kwa tone. Kijana analala chini ya mvua ya pumzi zake, na asubuhi anasimama mbele ya watoto wetu awafundishe kusoma.

Sasa nisikilizeni nyie wenye nyumba, nami nasema kwa upendo lakini sitapunguza neno. Najua sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilishafutwa tangu 2005. Hakuna askari atakayekuja kukukamata kwa kudai mwaka mzima. Lakini Mungu wa Torati alijali hata blanketi. Alisema ukichukua vazi la maskini rehani, mrudishie kabla jua halijazama, kwa sababu hilo ndilo analojifunika, na akilia usiku atasikilizwa. Tafakari hilo. Aliyeumba mbingu anahesabu nani analala na baridi usiku wa leo, na ni kwa sababu ya nani. Wewe unayemfungia mpangaji kofuli nyingine juu ya mlango kwa deni la wiki mbili, mwezi wa saba, vitu vyake vikiwa ndani na koti lake likiwa ndani, umeshika vazi la nani?

Na tusimtwike mzigo wote mwenye chumba kimoja. Makete ni wilaya iliyopigwa vibaya na UKIMWI. Nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu. Chumba anachokukodisha bibi huyo ndicho ada, ndicho sare, ndicho mafuta ya kupikia. Anapodai miezi sita, mara nyingi ni kwa sababu mpangaji wa kabla yako aliondoka usiku na kodi yake, huyu naye mtumishi wa serikali mwenye suti. Aibu hiyo ni yetu tuliopanga. Aliyemkimbia bibi wa watu na shilingi 60,000 amemwibia mgeni anayefuata pia, maana ndiye atakayefungiwa mlango.

Lakini ninao wengine leo. Nawatafuta ninyi mlioondoka.

Wakinga wa Makete, nchi nzima inawajua kwa biashara. Mna maduka Mbeya, mna maduka Tunduma, mna fremu Kariakoo. Mlitoka na mzigo kichwani, Mungu akawabariki, na kwa heshima mkajenga kwenu. Nimezihesabu nyumba zenu nikipita kwa miguu kwenda ibada za jioni: bati jekundu, vioo madirishani, dari safi, sakafu ya saruji, hata bomba limefika jikoni. Zimefungwa. Zinafunguliwa Desemba, siku kumi, watu wanakula, wanazaliwa upya kwa furaha ya nyumbani, halafu kofuli. Ufunguo unarudi Kariakoo ndani ya pochi. Na mita mia mbili kutoka kwenye nyumba hiyo ya vyumba vitano, muuguzi aliyemshika mkono mama yako alipokuwa anakufa analala chini ya bati linalodondosha maji.

Nifanyeje nisilie?

Utaniambia nyumba si ya kupangisha, ni ya heshima ya familia. Ndugu yangu, nenda kaitazame Aprili. Huku kwetu mvua inaanza Novemba na kuendelea mpaka Mei, na nyumba isiyowashwa moto haikauki. Kuta zinaota kuvu jeusi kwenye pembe, milango ya mbao inavimba isifungike, wadudu wanatoboa kenchi juu ya dari kimya kimya. Wazee walijua kwamba moshi wa jikoni unalilinda paa kuliko rangi. Mpangaji mwema anayepika, anayefagia, anayefungua madirisha jua likitoka, anakutunzia heshima ya familia yako kuliko kofuli. Acha chumba chako kimoja kikubwa kwa ajili ya Desemba, weka humo vitu vyako, funga. Vilivyobaki toa.

Yule mwanamke wa Shunemu hakuwa na nyumba ya ziada. Alikuwa na jicho. Alimwona nabii Elisha akipita mara kwa mara, akamwambia mumewe, tumjengee chumba kidogo juu. Wakaweka kitanda, meza, kiti na taa. Angalieni orodha hiyo ilivyo ndogo. Makete ningeongeza kitu kimoja tu, dari. Na dari huku si anasa ya mjini. Tumezungukwa na misindano na miti ya mbao, na palipo na kiwanda cha kupasua mbao pana mabanzi, yale maganda ya gogo yanayotupwa pembeni, bei yake ndogo. Fundi mmoja na misumari, siku mbili chumba kimezibwa juu. Yule mwalimu wa Kilwa alitoka kwenye mvua yake kwa njia hiyo. Mjane mmoja, umri wa bibi yake, alimwita baada ya ibada. Akamwambia, "Mwanangu, njoo uone chumba cha uani. Utalipa mwezi kwa mwezi. Nunua mabanzi wewe, tutakata kwenye kodi." Akajibu, "Ahsante, bibi," akashindwa kuendelea. Wakaandikiana kwenye karatasi ya daftari mbele ya mtendaji wa kijiji: kodi kiasi gani, gharama ya dari kiasi gani, itakatwa miezi mingapi, na kila mmoja atatoa taarifa muda gani kabla ya kuachana. Nakala mbili. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake.

Na wewe unayekuja, mwanangu, binti yangu, usidhani mahubiri haya ni ya wenye nyumba peke yao. Paulo aliokota kuni.

Kijijini hakuna dalali, hakuna bango la chumba kinapangishwa. Nyumba huku inatoka kinywani mwa mtu. Kwa hiyo usishuke kwenye basi ukaanza kugonga milango na begi mkononi kama mtu anayedai. Acha mzigo gesti, au omba hifadhi siku chache kwa mwenzako wa kazini. Nenda kwa mtendaji, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, jitambulishe. Kunywa chai kwa mama wa mgahawa, maana yeye anajua nyumba ya nani imebaki na nani. Jumapili nenda kanisani, na kama wewe ni Mwislamu tafuta ndugu zako wa swala, hata wakiwa wachache. Amkia wazee. Sema unatoka wapi, umekuja kufanya nini. Mtu aliyekuja kuwafundisha watoto wao au kuwazalisha binti zao hatakosa wa kumsemea, lakini lazima kwanza wamjue.

Na ukionyeshwa chumba, usikitazame saa sita mchana jua likiwa kali ukasema ni kizuri. Rudi alfajiri. Inua macho: kuna dari? Weka kiganja ukutani: pamelowa? Uliza maji yanachotwa wapi na mwezi wa saba hali ikoje. Tazama dirisha linaelekea wapi, kwa sababu huku kwetu Juni jua linapita upande wa kaskazini, na chumba chenye dirisha la kaskazini kinapata joto la bure ambalo cha kusini hakilioni. Uliza kuni. Hili ndilo linalowaangusha wengi kutoka pwani: wanafurahia kodi ndogo, wanasahau kwamba huku utachemsha maji ya kuoga kila siku, utapika kwa moto mkubwa, utaota moto jioni. Chumba cha 15,000 kilicho mbali na kuni na maji, kinachopitisha upepo, kitakugharimu kuliko cha 25,000 chenye dari na jiko la pamoja na mwenye nyumba. Piga hesabu yote kabla hujatoa hata shilingi. Wala usilipe mwaka mzima siku ya kwanza, hata kama unazo. Omba miezi miwili, upime, kisha uongeze.

Na hili nasema kwa sauti kubwa kuliko yote, wala sitajali mkisema mhubiri amegeuka bwana afya. Usilale na jiko la mkaa ndani. Usilale! Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hukohoi, hushtuki, unasikia usingizi mtamu, huamki. Na wewe ndiye uliyeziba mianya yote kwa viroba! Ota moto jikoni, chumbani ingia na chupa ya maji ya moto, soksi, blanketi mbili za mtumba kutoka gulioni. Jiko libaki nje. Mwenye nyumba, mwambie mpangaji wako hivyo siku ile ile unayompa ufunguo, kwa sababu mtoto wa pwani hakulelewa na baridi na hakuna aliyemwonya.

Halafu lipa. Tarehe ikifika, lipa. Ikikushinda, nenda wewe mwenyewe kabla hujafuatwa, ukaseme. Ukihamishwa, aga mchana, rudisha ufunguo mkononi mwa aliyekupa, ukimwachia sakafu iliyofagiwa na mzigo wa kuni jikoni kwa ajili ya atakayekuja.

Sasa nirudi Kariakoo, kwa sababu huko ndiko funguo zilipo. Ndugu yangu mfanyabiashara, unasoma haya dukani, wateja wamepungua, jioni imeingia. Simu iko mkononi. Kijijini kwenu kuna shule, na kuna zahanati. Mpigie mwalimu mkuu, mpigie mganga mfawidhi, uliza kwa maneno machache tu: mna mtumishi aliyekosa pa kulala? Atakutajia jina. Panga naye kodi ambayo mshahara wake utaiweza mwezi kwa mwezi, isiwe kodi ya Kariakoo. Kisha toa ufunguo kwenye pochi, ufunge kwenye bahasha, andika jina la mama mdogo aliyebaki kijijini, mpe kondakta wa basi la kesho alfajiri. Na mama mdogo mwambie asimwingize mgeni siku ileile. Afungue madirisha kwanza, awashe moto jikoni siku mbili, kuta zikauke.