Nakala Arobaini za Wimbo Mmoja



Tukifungua Kutoka sura ya 31 twamkuta Bwana akizungumza na Musa habari za mtu mmoja aitwaye Bezaleli. Huyu ndiye mtu wa kwanza ambaye Bwana mwenyewe anasema kwamba amemjaza Roho wa Mungu. Naye hakuwa kuhani wala nabii. Alikuwa fundi: mchongaji, mfua dhahabu, mkata vito. Mbele kidogo, katika sura ya 35, twasoma juu ya wanawake wenye ustadi waliosokota nyuzi za rangi kwa mikono yao wakazileta kwa kazi ya hema. Bezaleli ametajwa kwa jina lake, na la baba yake, na la babu yake pia. Wanawake wale hakutajwa hata mmoja.

Leo nataka niwasimulie habari za mwanamke wa jamaa ya wasokotaji wale. Jina lake Florence Kingsford, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1871. Ukimtafuta vitabuni utamkuta zaidi chini ya majina ya wengine. Mumewe, Sydney Cockerell, aliongoza jumba la makumbusho la Fitzwilliam mjini Cambridge tangu 1908 hata 1937. Mwanawe, Christopher, ndiye aliyebuni chombo kile kinachopita juu ya maji kwa kubebwa na hewa, ambacho mwaka 1959 kilivuka bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Mama mwenyewe alikuwa mchora herufi na mpambaji wa vitabu.

Kazi hiyo alijifunza London. Alikuwa mmoja wa wanafunzi wa mwanzo wa Edward Johnston, mwalimu ambaye tangu 1899 alifundisha upya namna ya kuandika kwa kalamu yenye ncha bapa, kama walivyoandika wanakili wa zamani kabla ya mitambo ya chapa. (Wale waliopita mikononi mwangu chuoni watakumbuka nilivyowarudisha kuandika chati nzima kwa sababu ya herufi moja iliyolala. Sijutii.)

Mwaka 1902 kiwanda kidogo cha chapa, Ashendene Press, kilitoa Wimbo Ulio Bora, kitabu kile cha Sulemani ambacho makanisani mwetu husomwa kwa nadra, labda kwa kuona haya. Zilipigwa chapa nakala 40 tu, juu ya ngozi ya ndama. Florence ndiye aliyezipamba zote kwa mkono. Maneno katika nakala zote ni yale yale, maana yametoka katika herufi zile zile za risasi. Lakini mapambo hayafanani. Hakuchora pambo moja akalirudia mara 40. Kila nakala aliianza upya.

Wapenzi, hebu tulipime jambo hili. Nani angegundua kama angerudia? Kila nakala ilikwenda kwa mwenyewe, na mwenye nakala ya tano hakuwa na haja ya kuiona ya thelathini. Sisi walimu twajua jaribu hilo: andalio la somo la mwaka jana latosha, watoto ni wengine. Twajua pia kasisi anayebatiza watoto kumi asubuhi moja, na yule wa kumi anastahili kuitwa jina lake kwa upole ule ule aliopewa wa kwanza.

Napenda mjue pia namna mafundi wa kazi hii wanavyotia dhahabu. Kwanza hupaka mchanganyiko wa plasta laini, gundi na sukari kidogo, wakauacha ukauke. Ukikauka haushiki tena kitu. Basi fundi huinama karibu kabisa na ukurasa akaupulizia pumzi yake, ile ya moto yenye unyevunyevu, mpaka gundi ilegee. Hapo hapo huweka karatasi ya dhahabu, nyembamba kiasi cha kurushwa na upepo wa mlango ukifunguliwa, kisha huisugua kwa jiwe laini hata ing'ae. Upepo wa kipepeo haufai. Yatakiwa pumzi ya mtu. Siwezi kufikiri jambo hili bila kukumbuka Mwanzo 2, Bwana akiinama juu ya udongo.

Florence aliolewa mwaka 1907, wakajaliwa watoto watatu. Kisha, yapata 1916, akapatikana na ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaolegeza viungo, ambao hata leo haujapatiwa dawa ya kuuponya. Alikuwa na umri wa miaka 45 hivi. Aliishi nao mpaka alipofariki mwaka 1949, miaka zaidi ya 30.

Mtu aweza kuuliza, na nimeulizwa na watu wenye machozi: kwa nini Mungu ampe mtu kipawa, kisha auache mkono ulegee? Sitawaambia kwamba ugonjwa ule ulikuwa baraka. Maneno hayo husemwa na wenye afya, wamesimama mlangoni mwa chumba cha mgonjwa. Lakini rudini Kutoka 35, mstari wa 34. Pale Musa anasema Bwana ametia katika moyo wa Bezaleli uwezo wa kufundisha. Ni moyoni, hakutaja vidole. Na katika Marko 14 Bwana Yesu alipomtetea yule mwanamke aliyevunja chupa ya marhamu, alisema kwamba ametenda alichoweza. Hakumwuliza angeweza nini mwaka uliofuata.

Kitambaa cha madhabahu tunachotandika wakati wa Pasaka kilitariziwa na mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama ambaye sasa mikono yake yatetemeka hata kikombe hakishiki. Wenye kutarizi kipya wamekwama kwenye pindo. Nimewashauri wakichukue kile cha zamani, waende nacho kwake alasiri moja, wamkalishe penye mwanga, wamwombe awaonyeshe mshono ule unaanzia wapi. Wamekubaliana kwenda Alhamisi, baada ya Sala ya Jioni. Wasichana wa kipaimara wenye sindano waende pia.