Haki ya Kumzuia Mwenye Njaa

Mvua za kwanza zikishaanguka hapa Luvungi, kijana anayenichungia huniuliza: "Baba katekista, mbona tunafunga ng'ombe waliolala njaa kiangazi chote, na majani ndiyo hayo?" Anauliza kwa huruma, nami nalichukua swali lake kama swali la imani: ni kwa haki gani tunamzuia mwenye njaa asile?

Upande wa mifugo una jibu. Ng'ombe mwenye njaa hula kwa pupa. Majani machanga yenye umande, hasa yale ya jamii ya maharage, huchacha tumboni na kutoa hewa iliyoshikwa ndani ya povu, isiyotoka kwa mbweu. Ubavu wa kushoto unafura, mapafu yanabanwa, na mnyama anaweza kufa baada ya saa chache tu. Kwa hiyo tunawapa kwanza mabua makavu ya mahindi, tunangoja umande ukauke, tunawachunga kidogo, tunawarudisha.

Farasi hatunao huku, lakini taabu yao ni ya namna hiyo. Farasi ana tumbo dogo kwa ukubwa wake, tena hawezi kutapika. Akimeza punje bila kutafuna, zinaweza kumkwama kooni. Wenye farasi humwekea mawe makubwa laini chomboni ili atafute punje polepole. Wengine, akiwa malishoni, humvika kikapu mdomoni.

Kikapu hicho kinanigusa, kwa sababu Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, inakataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka. Kinywa kimefungwa huku na huku. Ila mwenye ng'ombe anaokoa nafaka yake, na mwenye farasi anaokoa farasi. Kwa mtazamaji hakuna tofauti, nami naogopa hapo hasa, maana kila aliyewahi kuwanyima watu chakula alisema ni kwa faida yao.

Bonde hili la Ruzizi limeona watu wengi wakirudi kutoka ukimbizini na watoto waliokonda. Mtoto aliyedhoofika sana hapewi sahani ya ugali. Anapimiwa maziwa yanayoitwa F-75, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Chakula kingi cha ghafla huvuruga chumvi za damu, na moyo unaweza kusimama. Mama anamsikia mwanawe akilia na kikombe kimeisha. Analalamika, na ana haki. Maelezo ya muuguzi hayamtulizi. Kinachomtuliza ni kumwona amerudi saa nane za usiku na kikombe kingine.

Nabii Eliya naye, amechoka mpaka kuomba kufa chini ya mretemu, alipewa mkate na maji, akalala. Tukihubiri habari hiyo tunapenda kuusifu mkate. Mimi nashika kwamba malaika alikuja mara ya pili, akamwamsha ale tena kwa ajili ya safari. Bila mara ile ya pili, mlo ule mmoja usingemfikisha Horebu.

Basi kijana namjibu hivi: haki ya kuwafunga unayo mpaka umande ukauke, na ni yako kwa sababu wewe ndiwe utakayewafungulia. Asubuhi hiyo hana ruhusa ya kuwaacha ng'ombe aende Bwegera, hata akiitwa na nani.