Maji ya Kijani: Tohara ni Jambo, Kunywa ni Jambo Jengine



Tangu reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, ndugu zetu wengi wa pwani wamefuata riziki huko. Nyakati nyengine maji ya Ghuba ya Winam hugeuka kijani kibichi, mfano wa rangi iliyomwagwa. Je, yafaa kutawadhia? Na je, yafaa kunywa? Watu huyafanya maswali haya mawili kuwa moja, na hapo ndipo penye hatari.

Ama tohara, jawabu lake ni la kale. Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza kwamba maji yaliyobadilika kwa tuhlub, yaani ukoga uotao majini, hayatoki katika utohara wake. Kwani nani awezaye kuyakinga maji na kinachoota ndani yake?

Ama kunywa, hukumu yake yafuata dhara. Ukoga ambao jicho laona kuwa ni kitu kimoja, hadubini yauonyesha kuwa ni aina nyingi. Ziko diatomu, zenye maganda mfano wa kioo, zilizokuwa chakula cha ngege. Samaki huyo Michael Graham alimwandika kwa jina la kitaalamu mwaka 1928, na wavuvi wa Kijaluo walikwisha kumjua zamani. Iko pia Microcystis, ambayo wataalamu wa leo hawaihesabu kuwa ni mmea bali ni bakteria, na baadhi yake hutoa sumu iharibuyo ini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 uliikuta sumu hiyo katika ghuba yenyewe. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 1 tu katika lita. Kuyachemsha maji hakuiondoi, wala kuyachuja kwa kitambaa.

Basi asiseme mtu, "Maji ni tohara, na tunywe." Udongo nao ni tohara, twatayamamu kwao, wala hilo si hoja ya kuula. Mtume wetu amekataza mtu kujidhuru na kumdhuru mwenziwe. Maji yenye utando wa kijani tusiyanywe, wala tusiwanyweshe watoto na mifugo.

Wako wasemao kwamba elimu ya kupambanua vijidudu haituhusu sisi. La! Nabii Adam alitukuzwa kwa kufundishwa majina ya vitu. Kuwa na wajuao jambo hili ni faradhi ya kifaya. Wakikosekana kabisa, dhambi ni yetu sote. Tuwasomeshe vijana wetu, wa kike na wa kiume.

Na tujihesabu pia. Ukoga huu hunenepa kwa mbolea ishukayo na mito kama Nyando, na kwa uchafu wa mji. Mtume amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Yuko wapi basi amwagaye ziwani uchafu wa nyumba nzima, kisha akainua mikono kuomba afya?

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na atujaalie kuifuata. Amin.