Mali Iliyokuja kwa Makosa Ina Mwenyewe

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Katika masuala ambayo ndugu zetu wenye maduka huyauliza, hasa wale waliokwenda kutafuta riziki bara, liko moja ambalo watu wengi huliona dogo, nalo si dogo. Nalo ni hukmu ya mali ambayo kampuni imemletea mtu kwa makosa. Tutalieleza kwa mifano miwili ili lifahamike.

Mfano wa kwanza: mtu ana duka Bungoma, ameagiza katoni 20 za sabuni kutoka ghala la Nairobi. Lori limefika usiku, mzigo umeteremshwa kwa haraka, na asubuhi alipohesabu akaona katoni 30. Ankra yasema 20, na fedha alizolipa ni za 20. Mfano wa pili: mtu anauza pembejeo Kitale. Mvua za masika zimekaribia, na magunia ya mbegu ya mahindi yaliyoandikwa jina la duka la mji mwingine yameteremshwa mlangoni pake. Bei imepanda, na wakulima wamesimama wanangoja kununua. Je, watu hawa wawili yawapasa wafanye nini?

Jawabu yetu ni kuwa mali ile si yao. Haikuwa yao ilipokuwa juu ya lori, wala haikugeuka kuwa yao kwa kuteremshwa. Mali haitoki katika milki ya mtu ikaingia katika milki ya mwingine ila kwa njia inayojulikana: kuuza na kununua, au zawadi, au urithi, au mfano wa hayo. Na Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratun Nisaa, aya ya 29, kula mali zetu baina yetu kwa njia ya batili, isipokuwa iwe ni biashara ya kuridhiana. Basi tuulize: mwenye ghala ameridhia lini? Yeye hakuuza katoni zile 10 wala hakuzitoa zawadi. Hata hajui kuwa zimetoka. Asiyejua hawezi kuambiwa ameridhia.

Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafii wamelitaja jambo hili kwa mfano ulio mwepesi kufahamika. Wamesema: nguo ya mtu ikichukuliwa na upepo ikaangukia nyumbani mwako, nguo ile ni amana mkononi mwako, ijapokuwa mwenyewe hakukuwekesha. Amana hii huitwa amana ya kisheria, maana ni sheria iliyoiweka kwako, si mwenye mali. Na hukmu yake ni nzito kuliko ya amana ya kuwekeshwa kwa upande mmoja: aliyewekeshwa hungoja mpaka mwenyewe aje kutaka mali yake, lakini huyu yampasa amrudishie mwenyewe au ampe habari mara tu awezapo. Akinyamaza hali ya kuwa aweza kumjulisha, basi dhamana imekuwa juu yake. Duka likiungua usiku ule, au mwizi akivunja, atailipa mali ile, ijapokuwa moto hakuuwasha yeye.

Basi lori la leo ni kama upepo ule. Tena kwa mwenye duka udhuru ni mdogo zaidi, kwani nguo iliyorushwa na upepo huenda mwenyewe asijulikane, lakini katoni ina ankra, na ankra ina jina la ghala na namba ya simu.

Sasa na tuziangalie nyudhuru ambazo watu huzitoa.

Wako wasemao: makosa ni yao, si yetu. Kweli, makosa ni yao. Lakini makosa ya mtu hayaifanyi mali yake kuwa halali kwa mwingine. Aliyesahau mkoba wake msikitini amekosea yeye, na hapana Mwislamu mwenye akili asemaye kuwa mkoba umekuwa wa aliyeuona.

Wako wasemao: hii ni riziki, Mungu ameileta. Twasema kuwa Mwenyezi Mungu huleta riziki na huleta mtihani, na yote mawili huja mlangoni kwa sura moja. Kinachoyatenga ni sheria. Tena mali hii hata hukmu ya kitu cha kuokota haina, maana kilichookotwa ni kile ambacho mwenyewe hajulikani. Na hata hicho, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwa Zaid bin Khalid, Mtume (S.A.W.) ameamrisha kitangazwe mwaka mzima. Ikiwa asiyemjua mwenyewe ameamrishwa amtafute mwaka, itakuwaje kwa yule amjuaye?

Wako wasemao: kampuni ni tajiri, na wenyewe si Waislamu. Udhuru huu ni mbaya kuliko yote, maana Qur'ani imeutaja na kuulaumu. Katika Suratu Aali Imran, aya ya 75, Mwenyezi Mungu ametueleza habari za watu waliokuwa hawarudishi amana wakidai kuwa hapana lawama juu yao kwa mali ya wasiokuwa wenzao, naye akatubainishia kuwa wanamzulia Mungu uwongo hali ya kuwa wanajua. Na Mtume wetu (S.A.W.), alipohama Makka mwaka 622, nao Makureshi wamekwisha kuafikiana kumuua, alimwacha nyuma Sayyidna Ali ili awarudishie watu wa Makka amana zao. Hakuzichukua kuwa fidia ya nyumba aliyoiacha wala ya maudhi aliyoyapata miaka 13. Basi adui amerudishiwa, je, mwenye ghala wa Nairobi ambaye wafanya naye biashara kila mwezi?

Na huo utajiri wa kampuni nao watudanganya. Katoni zikipungua ghalani, si lazima mwenye kampuni ndiye atakayeumia. Mara nyingi huulizwa karani aliyehesabu, au dereva na utingo wake, na hukatwa mshahara, au huitwa mwizi na kufukuzwa kazi. Watoto wa mtu yule watalala na njaa, nasi twauza sabuni huku twasema kuwa tumeichukua kwa tajiri. Na katika mfano wa Kitale madhara ni makubwa zaidi. Mbegu ina wakati wake. Gunia lililokusudiwa duka la mji mwingine likizuiwa wiki tatu, mvua zitakuwa zimekwisha kushika, na mkulima aliyelingoja atakuwa amepitwa na kupanda. Kitale ni mji unaoishi kwa mahindi, na ndipo ilipoanzishwa Kenya Seed Company mwaka 1956. Watu wake hawana haja ya kufundishwa kuwa mbegu iliyochelewa ni sawa na mbegu iliyopotea.

Wako wasemao: wao wametuzidishia bei mara nyingi, nasi twalipiza. Hapa yapasa kutenga mambo. Ni kweli kuwa katika madhehebu yetu, mtu mwenye haki iliyothibiti kwa mwingine, naye akaikanusha, yuko ruhusa kuchukua kadiri ya haki yake akipata mali ya yule mtu. Lakini hiyo ni haki maalumu ijulikanayo kiasi chake, kama deni. Ama kusema kuwa bei zao ni ghali si deni. Bei ulielezwa, ukaridhia, ukalipa. Manung'uniko hayageuki kuwa haki kwa sababu tu umepata nafasi.

Wako, hasa vijana waliosoma, wasemao: ziko nchi ambazo sheria yasema kitu ulicholetewa bila kuagiza ni zawadi. Ni kweli iko sheria ya namna hiyo Marekani tangu mwaka 1970, na Uingereza ilitunga yake mwaka 1971. Lakini sheria hizo ziliwekwa kuzuia hila ya wafanyabiashara waliokuwa wakiwapelekea watu vitu wasivyoviagiza, kisha wakiwadai thamani. Zilikusudiwa kumlinda mnyonge na mjanja, wala hazikukusudiwa kumfanya mnyonge naye awe mjanja. Na sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, yasema kuwa mnunuzi aliyeletewa zaidi ya alichonunua aweza kuchukua kiasi chake akakataa kilichozidi, au akakataa vyote. Na akivichukua vyote, basi alipe vyote kwa bei waliyopatana. Yaani hata serikali haikusema kuwa ziada ni ya bure.

Na wa mwisho ni wale wasemao: nitaiuza, na faida nitaitoa sadaka. Ndugu yetu, sadaka hutolewa kutoka katika mali yako. Muslim amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) amesema kuwa Mwenyezi Mungu ni mwema, naye hapokei ila kilicho chema. Msikiti haujengwi kwa sabuni ya mtu.

Likiwa jambo limefahamika, yafuatayo ndiyo yapasayo kutendwa.

Kwanza, hesabu mzigo mbele ya dereva kama yawezekana, na kilichozidi kiandikwe katika karatasi ya kupokelea. Pili, mpe habari mwenye mali siku ile ile, kwa simu na kwa maandishi, ili uwe na ushahidi. Tatu, kiweke kilichozidi mbali na mali yako, ukihifadhi kama uhifadhivyo chako. Usikitumie, wala usikiuze kwa nia ya kulipa baadaye. Mwenye kuitumia amana bila ya idhini amekwisha kuingia katika dhamana, hata akilipa kwa ukamilifu. Nne, gharama ya kukirudisha si juu yako. Wajibu wako ni kujulisha, kuhifadhi, na kutomzuilia mwenyewe akija kuchukua. Na katika hili sheria ya nchi yakubaliana nasi, maana nayo imesema kuwa aliyekataa bidhaa kwa haki hana wajibu wa kuzirudisha, yatosha amjulishe muuzaji. Tano, ikiwa ni kitu kiharibikacho upesi, kama nyanya au maziwa, mtake idhini mwenyewe ukiuze. Na asipopatikana kabla ya kuharibika, kiuze na umwekee thamani yake.

Mwenyewe akisema, kaa nacho, basi ni halali yako. Akisema, kinunue kwa bei kadha, na wewe ukaridhia, pia ni halali. Lakini tazama ni nani anayesema. Dereva akikwambia, chukua tu bwana, hakuna atakayejua, huyo si mwenye mali, na ruhusa yake si kitu.

Ama aliyekwisha kuuza bila ya kujua, kisha akatambua, hana dhambi ya kusudi, lakini thamani ni deni juu yake. Na aliyefanya hayo kwa kujua zamani, naye leo ataka kutubu, toba yake haitimii mpaka arudishe. Kampuni ikiwa imekwisha kufungwa, na awatafute wenyewe au warithi wao. Akishindwa kabisa kuwapata, aitoe mali ile kwa masikini kwa niaba ya wenyewe, si kwa nia ya thawabu yake. Na hukmu hii yaingia pia katika fedha ziendazo kwa njia ya simu, ambazo tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 watu hutumiana usiku na mchana. Namba moja ikikosewa, fedha za karo ya mtoto zimeingia kwa mgeni. Mgeni huyo akizitoa upesi kabla mwenyewe hajazizuia, yeye ni mla amana.

Wala mtu asiseme, ni katoni 10 tu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa baada ya vita vya Khaibari mtu mmoja aliuawa kwa mshale, na watu wakamhongereza kwa shahada. Mtume (S.A.W.) akawaambia kuwa shuka aliyoichukua katika ngawira kabla ya kugawanywa inawaka moto juu yake. Kusikia hayo mtu mmoja akaleta ukanda wa kiatu, au kanda mbili, naye akaambiwa kuwa hizo nazo ni za moto. Ikiwa ukanda wa kiatu umehesabiwa, katoni haisahauliki.

Zaidi ya hayo, ndugu zetu walioko Bungoma na Kitale wakumbuke wako wapi. Uislamu haukufika pande zile kwa jeshi. Katika karne ya 19 ulifika Mumias pamoja na wafanyabiashara wa misafara waliotoka pwani. Katika misafara ile walikuwako waliofanya insafu, watu wakawaamini na wakataka kuijua dini yao. Na walikuwako waliodhulumu na kuuza watu, na uchungu wa dhulma ile haujasahauliwa. Mpaka leo mwenye ghala asiyejua aya moja ya Qur'ani huisoma dini yetu katika hesabu za duka letu. Akipigiwa simu asubuhi akaambiwa, mzigo wako umezidi, njoo uchukue, amesoma jambo ambalo mahubiri yetu kumi hayawezi kumfundisha.

Na jambo hili halina Kadhi wa kulisimamia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imewapa Makadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, wala haikuwapa biashara. Huenda karani asihesabu tena, na kampuni isijue milele. Kwa hivyo limebaki baina ya mtu na Mola wake, aliyetuamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 58, kuzirudisha amana kwa wenyewe, na ambaye halimpotei gunia wala punje iliyomo ndani yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake tusiihitaji haramu yake, na azibariki biashara za ndugu zetu popote walipo. Amin. Wallahu aalam.